Matope Si Kiwanja Kitupu
Mambo tuliyojifunza katika matembezi ya siku moja Mlingotini

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni kutoka kwa wafadhili, siku moja baada ya matembezi ya pamoja katika mikoko ya Mlingotini, wilayani Bagamoyo.)



Tunawashukuru kwa kukubali kuamka alfajiri na kuingia matopeni pamoja nasi. Wengi wenu mmezoea kutuona na makabrasha ya miradi. Jana tulibeba maji ya kunywa, kofia, darubini mbili na daftari moja. Tunapenda kueleza kwa nini tuliona ni vema kutembea kwanza, kabla ya kufungua ajenda ya leo, ambayo kama mnavyojua ni maombi ya fedha za kupanda mikoko.

Kwa nini mwezi wa Novemba

Wageni wetu walituambia kuwa wakati kama huu huko kwao watu hutoka kutembea vilimani, chini ya mialoni inayopukutisha majani, wakiangalia wanyama wanavyojiandaa kwa majira ya baridi. Sisi mwaloni tunaujua zaidi kwa kuusoma katika Biblia. Lakini majira yao na yetu yanakutana mahali pamoja, nako ni kwenye matope ya Mlingotini. Baridi inapoanza kaskazini, ndege wengi wa huko huondoka. Wakati sisi tunangojea mvua za vuli, wao wanatua pwani yetu.

Yule ndege mdogo wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, uzito wake ni kama wa yai la kuku. Huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia, naye husafiri zaidi ya kilomita 8,000 kufika kwetu. Yule mkubwa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ni mla kaa. Yeye huzaliana kwenye fukwe za Oman, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja kwa kawaida. Ndege hawa hukaa kwetu hadi Machi au Aprili. Kabla ya kurudi hula sana, wakiweka mafuta mwilini kwa ajili ya safari. Wakikosa chakula hapa, hawafiki kwao.

Tulivyotembea

Tulichagua siku ya bamvua. Wenyeji wa pwani wanajua kwamba siku za bamvua maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kwa hiyo tulianza saa 1, maji yakiwa yanatoka, tukapita kwanza kando ya mikoko, kisha tukafuata maji hadi kwenye matope ya wazi. Aliyetuongoza ni mvuvi wa kijijini, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mahali mguu unapozama na mahali unaposhika.

Ndani ya mikoko mliona kuwa miti hii haifanani. Upande wa bahari unasimama mlilana, wenye mizizi inayochomoza matopeni kama vigingi ili ipate hewa. Nyuma yake yuko mkoko wenyewe, na mizizi yake kama miguu ya buibui. Kisha mkandaa na muia, na karibu na nchi kavu mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Mchu mliuona pande zote mbili, mbele na nyuma. Kila mti una kimo chake cha maji. Hakuna mtu aliyeupangia. Ulipopandwa na maji pasipoufaa, ulikufa.

Katika mizizi hiyo mliona kaa, na samaki wadogo wanaorukaruka juu ya tope kama vyura. Mliona mdiria akingoja juu ya tawi, na yangeyange wakitembea polepole majini. Furukombe tulimsikia kabla ya kumwona. Yote hayo mliyafurahia na kuyapigia picha.

Lakini tulipofika kwenye matope ya wazi, wajumbe wengi walisema kwamba hapa sasa ni kutupu, na kwamba hapa ndipo miche ingefaa kupandwa. Tuliwaomba msimame, mkae kimya kwa nusu saa, na kuangalia. Mtaikumbuka nusu saa hiyo. Ndege wa Siberia walikuja wakitobolatobola tope kwa midomo yao, kila mdomo ukitoa kitu. Walikuja wala kaa. Walikuja akina mama wakielekea kwenye kamba zao za mwani, nao wakapita katikati ya mahali palepale palipoitwa patupu. Mama mmoja alituuliza, miti ikijaa hapa, wao watapita wapi na kamba watazifunga wapi? Swali lile ni zito kuliko makabrasha yote tuliyoyaacha ofisini.

Miche mingi, miti michache

Ndugu zangu, tuseme wazi. Kupanda mikoko ni kazi njema pale mikoko ilipokatwa na inaposhindwa kurudi yenyewe. Lakini kupanda mahali popote penye tope si uhifadhi wa mazingira. Katika Ufilipino fedha nyingi zimetumika kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Watafiti waliopitia miradi hiyo walieleza mwaka 2008 kuwa miche iliyobaki hai kwa muda mrefu ilikuwa kama asilimia 10 hadi 20 tu. Walitaja sababu kubwa mbili: aina ya mti isiyofaa na mahali pasipofaa. Miche ilipandwa chini mno, mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kuliko mti unavyoweza kuvumilia.

Na kwa nini hupandwa huko? Kwa sababu ni wazi, hakuna mwenye shamba anayelalamika, na picha hutoka vizuri. Na kwa nini hupandwa mkoko ule ule? Kwa sababu mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti, ndefu kama fimbo. Unaiokota na kuichomeka, basi. Siku moja watu hamsini wanaweza kuchomeka maelfu. Taarifa inaandikwa, idadi inapendeza, na msimu unaofuata mawimbi yanabaki peke yake.

Angalieni kwa upande mwingine Kaole, jirani zetu. Palikuwa na mji wa Waswahili wenye misikiti na makaburi ya mawe tangu karne nyingi zilizopita, nao ulitegemea bahari. Inaelezwa kuwa bandari yake ilijaa mchanga na matope, mikoko ikaota, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Mikoko ile haikupandwa na kamati yoyote. Mahali pakiufaa, mti huja wenyewe. Kazi yetu mara nyingi ni kuondoa kinachouzuia, hasa shoka.

Tunapendekeza nini

Kwanza, kila kamati inayoomba fedha za kupanda mikoko itembee eneo lake mara mbili, maji yakiwa yamejaa na maji yakiwa yamepwa, tena moja ya safari hizo iwe kati ya Oktoba na Machi, ndege wageni wakiwepo. Waandike ni nani na nini wanatumia eneo hilo: wavuvi, wakulima wa mwani, wachimbaji wa chaza, ndege. Msiwasogelee ndege wakirukishwa. Kila wanaporuka bure wanapoteza chakula walichokula.

Pili, waulizwe wazee wa mahali: je, hapa palikuwa na mikoko zamani? Kama ilikuwepo, ilikuwa aina gani na nani aliikata? Kama haikuwepo kamwe, kuna sababu, na miche yetu haitaibadilisha.

Tatu, mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi ya serikali. Mpango wowote upitie serikali ya kijiji na Wakala wa Huduma za Misitu. Hali kadhalika, tusijenge majengo ya usharika kwa boriti na fito za mikoko ambazo hatujui zilikotoka. Hatuwezi kupanda kwa mkono mmoja na kununua mti uliokatwa kwa mkono wa pili.

Nne, na hili linawahusu zaidi wafadhili wetu wapendwa: tunaomba msitupime kwa idadi ya miche iliyopandwa. Tupimeni kwa miti iliyo hai baada ya miaka mitatu, na kwa ekari za mikoko ya zamani ambayo haikuguswa. Idadi hizo zitakuwa ndogo, na picha zake si za kuvutia sana. Lakini zitakuwa za kweli. Fedha itakayobaki isaidie walinzi wa kijiji, majiko yanayotumia kuni kidogo, na matofali ya kujengea.

Tunajua baadhi yenu mlikuja mkitegemea kurudi na jibu la ndiyo kwa miche, na vijana wenu wameshaandaa vitalu. Hatusemi vitupwe. Tunasema visipelekwe kwenye matope ya wazi. Ndani ya ghuba mliona wenyewe mapengo ambapo visiki bado vinaonekana. Huko ndiko miche ipelekwe, kila aina kwenye kimo chake cha maji, baada ya vibali kupatikana. Ni mahali padogo kuliko mlivyoomba, na bajeti yake ni ndogo. Tunaomba mkutano huu uikubali hivyo.

Saa 8 mchana jana maji yalikuwa yanarudi kwa kasi, na ndege wote wa matopeni walikuwa wamebanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, wakingoja maji yapwe tena ili wale. Wao hawana mjumbe katika kikao hiki, na akina mama wa mwani leo wako kazini. Basi tuwakumbuke tunapopiga kura.