Amana ya Kiumbe Hai



Ateremkaye jioni kilima cha Muyenga jijini Kampala kwa barabara ya Tank Hill hadi Kabalagala, mahali ambapo mabaa hukesha na muziki haukomi mpaka karibu na alfajiri, hakosi kuwaona vijana ambao hirimu zao wamo madarasani, hali wao wamekwisha kuzoea pombe, bangi na makofi ya walinzi. Vijana hao huhubiriwa mno, lakini ni nadra mtu kuwakabidhi amana yoyote.

Lakini huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambako vita vya waasi wa Joseph Kony viliwaachia watu majinamizi hata baada ya bunduki kunyamaza mwaka 2006, Bwana Francis Okello Komakech, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 12 kwa bomu alilolipiga kwa jembe shambani, alianzisha, kwa mkono wa jumuiya ya The BIG FIX Uganda, mradi wa kuwapa majeruhi wa nafsi mbwa wa kuwaliwaza. Apewaye huahidi kumtunza mbwa huyo maisha yake yote, huhudhuria naye mafunzo kwa miezi kadhaa, na mbwa huchanjwa na kuhasiwa.

Kwa rai yangu, faida kubwa imo katika ahadi hiyo. Mbwa hamsaili mtu alitenda nini msituni wakati wa vita. Lakini asubuhi ataka chakula, na aliyejikatia tamaa hana budi kuinuka. Nasi twaijua habari ya yule msafiri aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria.

Watakuwapo watakaotaja najisi na kichaa cha mbwa, na hoja zao zina uzito. Basi chanjo isikosekane kabisa, na penye karaha ya mbwa, mbuzi au sungura atafaa. Tena kijana asiye na chakula wala malazi asitwikwe mzigo wa kulisha mnyama kabla yeye mwenyewe hajashiba.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa Makindye, tarafa yenye Kabalagala, wazee wa mitaa na madaktari wa mifugo waanze mradi kama huo na vijana wachache wa huko, chini ya msimamizi mwaminifu, na waende Gulu kujifunza kwa wenye tajriba.