Tujifunze Kutua Mzigo



Nimeombwa kusema nanyi maneno machache katika siku hizi za jubilei, juu ya mahangaiko ya kila siku katika maisha ya Mkristu. Nimechagua jambo ambalo kila mama wa Wamaza analijua kwa shingo yake. Mtu aliyebeba kitunga kizito kichwani ni vigumu kukitua peke yake. Akijaribu, kitunga kinaanguka na mpunga unamwagika. Lazima mwenzake akishike, watue pamoja. Hilo ndilo neno langu lote. Mengine ni maelezo yake.

Tutazame siku zetu. Jogoo akiwika, mama amekwisha kuamka. Anateka maji, anakwenda shambani, anarudi na kuni na mihogo, anatwanga sombe, anapika, anaosha watoto. Mangaribi anakwenda kwenye sala ya shirika, na usiku anafikiri habari ya dawa na nguo za masomo. Baba naye anasukuma kinga yenye mawese na mpunga hata Kasongo. Akirudi, anakuta kesi ya ukoo na mkutano wa parokia vinamngoja. Na wengi wetu tuna mzigo mwingine usioonekana. Mwaka 1964, na tena katika vita vya 1996 na 1998, watu wengi wa Maniema walikimbilia porini. Masikio yaliyozoea kusikiliza hatari hayalali upesi.

Mzigo wa namna hii una alama zake. Usingizi unapotea, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, chakula hakina ladha. Mtu anawaka hasira kwa neno dogo, na sala yake inakuwa maneno ya mdomo tu. Ndugu zangu, tusikimbilie kusema kwamba ni uchawi, wala kwamba imani ya mtu huyo imekwisha. Mungu alituumba na mwili, na mwili una kipimo chake. Anayeona alama hizo kwa muda mrefu aende kwa mganga wa hospitali bila haya.

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Miaka mingi nilikuwa mwalimu wa masomo, na juu ya kazi hiyo nilikubali kila kazi ya Kanisa: katekisimu, kwaya, hesabu za shirika. Kimoyomoyo nilijivuna kwamba bila mimi mambo hayaendi. Jioni moja nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu amelala na homa, na hiyo ilikuwa siku ya tatu. Nikamwuliza sababu gani hakuniambia. Akajibu: «Baba, ningekuambia saa ngapi?» Neno hilo lilinichoma kuliko hotuba yoyote. Nilikuwa ninafundisha watu upendo, na nyumbani mwangu nilikuwa mgeni wa kulala. Mke wangu alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi nilipaswa kuomba msamaha, kwa padri na kwake vilevile.

Nchi hii yetu ilikwisha kumwona mtu mwingine aliyepita kipimo chake. Msafiri Livingstone, Mprotestanti mwenye bidii kubwa, alifika Kabambare mwaka 1869 akitafuta chanzo cha mto Nili. Alikwenda mbele bila kusikiliza mwili wake, hata mwezi wa saba 1870 vidonda vya miguu vikamrudisha Kabambare. Alikaa ndani ya nyumba siku 80, na hakuondoka kijijini mpaka mwezi wa pili 1871. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alisoma Biblia nzima mara nne alipokuwa katika Manyema. Tena, Lualaba aliyoifikia Nyangwe, akidhani labda ni Nili, ilikuwa mto wa Kongo. Tuchukue mafundisho mawili: mzigo usiotuliwa kwa hiari hutuliwa kwa nguvu, na mtu anaweza kufanya haraka sana katika njia isiyomfikisha.

Bwana wetu alijua hayo. Mitume waliporudi kutoka kazini, na watu wakawa wengi hata hawakupata nafasi ya kula, Yezu hakuwaongezea kazi. Aliwaita mahali pa faragha wapumzike. Na zamani Musa alipokaa toka asubuhi hata jioni akikata kesi za watu wote, ni mkwe wake Yetro aliyemwambia kwamba atajichosha yeye na watu pamoja. Achague wasaidizi waaminifu. Musa, aliyesema na Mungu, alikubali shauri la mzee wa jamaa. Je, sisi tunakataa kwa nini?

Ninajua mtaniuliza: «Mwalimu, njaa haina siku ya Mungu. Mpunga ukikomaa, ndege hawaendi Misa. Tutapumzika namna gani?» Ni kweli, na sitawadanganya. Maskini hawezi kupumzika peke yake. Ndiyo sababu ninasema kutua mzigo ni kazi ya wawili. Katika shirika tupange zamu ya kufukuza ndege siku ya Mungu: leo nyumba hii inalinda mashamba ya jirani, juma lijalo nyingine, kusudi kila jamaa ipate Misa na pumziko. Baba na vijana wanaume wachote maji na kutwanga bila kuona haya. Mikono ya mwanamume haivunjiki kwa mchi. Na katika parokia tuache kupakiza kazi zote juu ya watu walewale watano kwa sababu hawajui kusema hapana. Wazee wetu wa Kiswahili walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa anayetazama tu, ni mwepesi. Anayeushika anajua uzito wake.

Tumekusanyika kwa jubilei. Tukumbuke asili yake. Katika Kitabu cha Walawi, mwaka wa jubilei haukuwa wa ngoma na karamu tu: watumwa waliachwa huru, mashamba yaliyouzwa yalirudi kwa wenyewe, na hata udongo ulipumzika. Mkulima wa Wamaza hashangai. Shamba lililochoka tunaliacha lilale, msitu urudi, ndipo litazaa tena. Tunalihurumia shamba, mke wetu, katekista wetu, padri wetu, hatuwahurumii?

Basi, leo tukirudi nyumbani, kila mmoja aulize swali moja tu: nani karibu nami amebeba kitunga kwa muda mrefu, na hakuna aliyemshika mkono? Bikira Maria, aliyefanya safari kwenda kumsaidia Elizabeti, atuombee tuwe watu wa kutuana mizigo.