Kipanga, Buibui na Kifaru: Namna ya Kusoma Nembo za Vikosi
(Mada ya semina ya wazazi na vijana, Weston, Toronto)



Baadhi ya watoto wetu hapa Weston wamejiunga na kadeti, ule mpango wa vijana wa miaka 12 hadi 18. Wanarudi nyumbani na bereti zenye beji, na sisi wazazi tunapoulizwa maana yake tunabaki kutazamana. Ndiyo maana nimepewa mada hii.

Kazi ya kwanza ya nembo ni kutambulisha. Urembo huja baadaye. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, Wakanada walishonewa vitambaa kwenye mikono ya sare zao. Divisheni ya 1 ilivaa mstatili mwekundu, ya 2 buluu iliyoiva. Juu ya mstatili kukawekwa umbo dogo: rangi yake ilitaja brigedi, na umbo lenyewe likataja batalioni. Duara ilikuwa ya kwanza, nusu duara ya pili, pembetatu ya tatu, mraba ya nne. Ofisa aliyetazama kwa darubini kupitia moshi na tope aliweza kujua ni kikosi gani kinachosonga. Hapakuwa na simba wala taji wala Kilatini. Kwa maoni yangu, hakuna nembo ya kijeshi iliyobuniwa kwa akili zaidi ya hiyo.

Beji za kofia ni habari nyingine. Hizo husimulia ukoo. Kikosi cha 48th Highlanders cha hapa Toronto, kilichoanzishwa mwaka 1891, kina kichwa cha kipanga. Kwa nini kipanga? Kamanda wake wa kwanza aliitwa Davidson, na ndege huyo ni wa nembo ya jamaa ya Davidson. Mtu mmoja alikuja na ndege wa kwao, na mpaka leo vijana wasio na damu ya Uskoti humbeba kichwani. Kikosi cha Queen's Own Rifles, cha mwaka 1860, kina lile jani mnaloliona kwenye bendera ya Kanada. Vikosi vya jadi ya bunduki kama hicho hupenda beji na vifungo vyeusi, kwa sababu chuma king'aacho humfichua askari.

Jadi hiyo ilifika kwetu Afrika Mashariki pia. Keya, yaani King's African Rifles, iliundwa mwaka 1902 na beji yake ilikuwa baragumu. Askari wa bunduki walipigana wakiwa wametawanyika, hivyo waliamrishwa kwa baragumu badala ya ngoma.

Vita Kuu ya Pili ikaleta wanyama. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944 na kuvuka mto Chindwin, ilivaa kichwa cha kifaru. Wenzao wa Divisheni ya 81 kutoka Afrika Magharibi walivaa buibui, Ananse wa ngano za Waashanti, anayewashinda wakubwa kwa ujanja. Inasemekana alichorwa kichwa chini makusudi, ili askari akiinua bunduki kulenga, buibui aonekane anamwendea adui. Kifaru wetu ana nguvu tu. Buibui ana hadithi. Mimi ningechagua buibui.

Uhuru ulipokuja, mambo yaligeuka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda, askari wa Tanganyika, alisimika bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni Kilimanjaro. Mwenge huo uko juu kabisa kwenye ngao ya taifa la Tanzania. Hapo alama haikuazimwa kwenye ukoo wa kamanda yeyote: ilitokana na fikra zetu na ikapandishwa mlimani na askari wetu.

Nina ombi moja. Wapo kati yetu wenye beji ya babu aliyekuwa Keya, imelala ndani ya sanduku au bahasha. Isisuguliwe kwa dawa ya shaba, maana alama zake zitafutika. Ipigeni picha mbele na nyuma, andikeni jina la mzee, batalioni yake na namba yake ya jeshi kama mnaikumbuka, kisha mje nayo kikao kijacho pamoja na watoto.