Mauzo Yanapanda, Pesa Haionekani

Leo tunazungumza na wewe mwenye kampuni ndogo ya kusindika vyakula, unayetaka kuongeza mauzo.

Wengi hukimbilia maduka mapya na kuacha mzigo kwa mali kauli. Hapo ndipo penye hatari. Tuseme chupa ya achari inakugharimu shilingi 1,600, nawe unaiuza 2,000. Katoni ya chupa 24 ina faida ya shilingi 9,600. Mwenye duka asipolipa katoni moja, umepoteza 38,400, na itabidi uuze katoni nne nyingine ndipo urudi ulipokuwa. Wakati huohuo muuza chupa na mchapa lebo wanataka taslimu!

Kabla ya kushusha mzigo, andikianeni idadi, bei na tarehe ya malipo, kila mmoja abaki na nakala. Mzigo wa pili utoke wa kwanza ukishalipwa, hata kama mteja ni jirani yako.

Kwa walio Tanzania wanaolenga supamaketi, anzeni SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, mwelekezwe kuhusu alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Ulizeni pia habari za msimbomilia, ule wa Tanzania unaoanza na 620, kabla hamjachapisha lebo.