Moyo Ukidunda, Usikimbilie Kusema Ni Mapenzi

Maongezi ya muuguzi na klabu ya afya ya shule

Leo sikuja na picha za vidonda wala orodha ya magonjwa. Nimekuja tuongee habari za riwaya. Najua unajiuliza, muuguzi na riwaya wapi na wapi? Subiri kidogo, utaona.

Nianze na swali. Je, umewahi kusoma usiku chini ya blanketi, tochi mkononi, na kesho yake una mtihani wa hisabati? Unajiambia, "Sura moja tu, nalala." Kumbe ndani ya sura hiyo msichana anagundua kwamba mwanaume anayempenda huenda ndiye muuaji. Hapo utalala vipi? Unashtukia kengele ya asubuhi.

Sikucheki. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Miaka ya 90, katika shule yetu ya bweni, kitabu kimoja kilizunguka vitanda vyote mpaka jalada likang'oka. Tulisoma "Simu ya Kifo" ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Tulimsoma Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Na kama kulikuwa na mapenzi ndani ya upelelezi, basi foleni ya kuazima ilikuwa ndefu zaidi.

Kwa nini riwaya za namna hii zinatunasa? Angalia. Riwaya ya upelelezi inauliza, nani kaua? Riwaya ya mapenzi inauliza, je, hawa wawili watapatana? Ukizichanganya unapata swali moja zito: huyu ninayempenda, ni mtu wa kuaminika? Swali hilo hata wewe unalo moyoni. Ndiyo maana hukiweki kitabu chini.

Sababu nyingine iko mwilini mwako, na hapo ndipo kazi yangu inapoingia. Ukiogopa, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga kemikali iitwayo adrenalini. Moyo unadunda, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka. Sasa niambie, ukimwona yule kijana unayemtamani anakuja, unajisikiaje? Moyo unadunda, viganja vinatoa jasho, mdomo unakauka! Mwili unatumia ngoma ile ile kwa nyimbo mbili tofauti.

Mwaka 1974 wataalamu wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walitoa utafiti wao wa kule Kanada. Kuna daraja linaloning'inia juu sana ya mto na kuyumba ukilipita. Wanaume waliovuka hapo walikutana na msichana aliyewauliza maswali, kisha akawapa namba yake ya simu. Wengine waliulizwa maswali hayo hayo kwenye daraja imara. Waliotoka kwenye daraja la kuyumba ndio waliompigia simu kwa wingi zaidi. Wataalamu walieleza kuwa woga wa daraja ulijichanganya na mvuto wa msichana. Mtu anatetemeka kwa hofu, anadhani ni mapenzi.

Sasa twende kwenye kitabu. Iko riwaya maarufu iitwayo "Rebecca", ya Mwingereza Daphne du Maurier, iliyotoka mwaka 1938. Alianza kuiandika akiwa hapa hapa Afrika, mjini Alexandria, Misri, mumewe akiwa mwanajeshi huko. Samahani, nitaifichua siri yake.

Msichana asiye na kitu, ambaye hatuambiwi jina lake mpaka mwisho, anakutana na tajiri Maxim de Winter, aliyefiwa na mkewe Rebecca. Wanaoana haraka haraka. Kufika kwenye jumba la mume, kila kona ni Rebecca, Rebecca. Mume ana siri na hasira za ghafla. Msichana anaishi kwa wasiwasi, akiamini mumewe bado anampenda marehemu. Mwishowe mume anakiri: mimi ndiye niliyempiga Rebecca risasi, na sikuwahi kumpenda.

Je, msichana anakimbia? Hata! Anafurahi. Kumbe hakumpenda yule! Na sisi wasomaji? Tunafurahi pamoja naye, tena tunaomba polisi wasigundue. Fikiria hilo. Mtu kaua mke wake, na sisi tunampigia makofi kwa sababu mwandishi ametupeleka hapo hatua kwa hatua. Alfred Hitchcock alipoitengenezea filamu mwaka 1940, kanuni za sinema za Marekani wakati ule hazikuruhusu muuaji aachwe bila adhabu. Ikabidi wabadilishe, Rebecca aanguke mwenyewe na kugonga kichwa. Wakaguzi wa filamu waliliona jambo ambalo sisi wasomaji tunalipita tukishangilia.

Sasa nikwambie yangu. Nilikuwa kidato cha tano. Kulikuwa na mvulana, jina namwachia mwenyewe. Kila siku ya ruhusa alinisubiri getini. Nikiongea na mvulana mwingine, alininunia siku tatu. Alitaka kusoma barua zangu zote. Nikisikia hatua zake tu, moyo du, du, du! Rafiki zangu wakasema, "Mwenzetu unapendwa!" Nami nikaamini, maana ndivyo walivyokuwa wanaume wa kwenye vitabu vyangu: wakali, wenye wivu, wenye siri.

Siku moja alinipinda mkono mpaka nikapiga kelele, eti kwa sababu nilicheza muziki na binamu yangu. Nikawaambia wenzangu, "Ni wivu tu, ananipenda." Likizo ilipofika, shangazi yangu aliuona ule mkono. Hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ukisikia anakuja, unatamani kumkimbilia au kujificha?"

Sikumjibu shangazi. Lakini jibu nililijua, na barua ya kuachana niliandika wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo nakuambia uache riwaya? La hasha! Soma. Kitabu kinakufundisha lugha, na kinakupa hofu ambayo unaweza kuifunga ukitaka kulala. Katika riwaya, mwandishi ameshaamua yule mkali ana moyo mwema ukurasa wa mwisho. Maisha hayana mwandishi wa kukuhakikishia hilo. Mtu hafungwi kama kitabu.

Basi moyo ukidunda, jiulize hivi:

Naweza kumwambia "hapana" bila kuogopa atakachofanya?

Anadai namba ya siri ya simu yangu, au anachagua marafiki zangu?

Amewahi kunipiga, kunisukuma au kunitisha, kisha akasema ni mapenzi?

Nikiwa naye nina amani, au kila saa nachunga maneno yangu?

Na wewe kijana wa kiume, usicheke. Maswali haya ni yako pia. Kuna wavulana wanaotishwa na wapenzi wao wakaona aibu kusema. Na kama wewe ndiye unayesubiri getini na kununa, jua kwamba unamtetemesha mtu, na kutetemeka siyo kupenda.

Kama majibu yako yamekutia wasiwasi, usikae nayo peke yako. Mwendee mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi, au ndugu unayemwamini. Tanzania na Kenya ipo namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto na vijana walio chini ya miaka 18. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto.

Mimi nilikuwa na shangazi. Kama wewe huna wa kukuuliza lile swali, basi leo nimekuuliza mimi: ukisikia anakuja, unatamani kumkimbilia au kujificha?