Ruzuku za Serikali kwa Elimu ya Haki ya Makazi: Tunajifunza Nini kutoka Marekani?

(Ifuatayo ni mada iliyotolewa na Ofisi ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika semina ya waratibu wa majimbo na wasaidizi wa kisheria.)



Tumeombwa tuzungumzie namna serikali inavyoweza kutoa fedha ili wananchi waelimishwe kuhusu haki zao za makazi. Tumechagua mfano wa Marekani kwa sababu mbili. Kwanza, nchi hiyo imefanya kazi hii kwa ruzuku ya serikali kwa zaidi ya miaka 30, kwa hiyo faida zake na hatari zake zinaonekana wazi. Pili, jambo hili linawagusa watu tuliowahi kuishi nao. Familia nyingi za Kikongo zilizokuwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zilipelekwa Marekani kuanza maisha mapya. Zilifika huko zikizungumza Kiswahili, na kitu cha kwanza kilichohitajika kilikuwa nyumba ya kupanga.

1. Sheria ilikotoka

Kwa miaka mingi mtu mweusi nchini Marekani hakuweza kuishi popote alipotaka, hata akiwa na fedha mkononi. Katika miaka ya 1930 ramani zilizochorwa kwa ajili ya shirika la serikali la mikopo ya nyumba zilipaka rangi nyekundu mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kukopesha, na mitaa ya watu weusi iliwekwa humo. Mwaka 1966 Mchungaji Martin Luther King alihamia katika nyumba ya kupanga mjini Chicago na kuongoza maandamano ya kudai haki ya makazi. Katika mojawapo ya maandamano hayo alipigwa jiwe kichwani.

Muswada wa haki ya makazi ulipingwa bungeni mwaka baada ya mwaka. Dk. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na siku saba baadaye, tarehe 11 Aprili, Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria hiyo. Ilikataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa katika kuuza au kupangisha nyumba. Mwaka 1974 jinsia iliongezwa. Mwaka 1988 waliongezwa watu wenye ulemavu na familia zenye watoto, na serikali ikapewa meno zaidi ya kuwaadhibu wanaovunja sheria.

2. Kwa nini sheria peke yake haikutosha

Ndugu zetu, hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Sheria ilikuwepo, mahakama zilikuwepo, lakini wengi waliobaguliwa walinyamaza. Katika miaka ya 2000 na 2001 Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya Marekani iliagiza utafiti ili kujua wananchi wanafahamu nini. Watu wazima 14 kati ya kila 100 walisema wamewahi kubaguliwa walipotafuta nyumba. Kati ya hao, zaidi ya wanne katika kila watano hawakuchukua hatua yoyote. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 30 tangu sheria ipitishwe!

Ubaguzi wa nyumba una ujanja wake. Mwenye nyumba hasemi, "Sikutaki kwa sababu wewe ni mweusi." Anasema, "Samahani, nyumba imeshachukuliwa." Mtu anashukuru na kwenda zake. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka karibu na mji wa Richmond, Virginia. Shirika moja la haki ya makazi lilikuwa limetuma watu wawili kuulizia nyumba, mmoja mweusi na mmoja mzungu. Mweusi aliambiwa hakuna nafasi. Mzungu aliambiwa zipo. Mahakama iliamua kwamba yule mweusi aliyedanganywa ana haki ya kushitaki, ingawa hakuwa na nia ya kupanga. Tangu hapo njia hiyo ya kupima imekuwa nguzo ya kazi hii. Lakini hata kipimo hicho mara nyingi huanza pale mtu anaposhtuka na kuuliza, na mtu asiyejua haki yake hawezi kushtuka.

3. Ruzuku zinavyofanya kazi

Kwa kuona upungufu huo, Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa ruzuku kwa sheria iliyotiwa saini Februari 1988, na mwaka 1992 likaufanya kuwa wa kudumu. Fedha hutolewa na wizara kwa ushindani: shirika linaandika andiko la mradi, linapimwa pamoja na mengine, na likishinda linasaini mkataba wenye malengo na ripoti. Sehemu kubwa ya fedha huenda kwenye kupokea malalamiko, kuchunguza na kupima. Sehemu nyingine ni ya elimu kwa umma: semina, vipeperushi, matangazo ya redio, na mafunzo kwa wapangaji, wenye nyumba, madalali na mabenki. Mashirika ya dini nayo yanaruhusiwa kuomba, ila fedha hizo haziwezi kulipia ibada wala mahubiri.

Si fedha nyingi kwa nchi ile. Mwaka 2023 mpango mzima ulitengewa kiasi cha dola milioni 56, yaani chini ya senti 10 katika kila dola 100 za bajeti ya wizara hiyo. Hata hivyo, mwaka huo huo malalamiko 34,150 yaliandikishwa nchini kote, na robo tatu yake yalipokelewa na mashirika binafsi yasiyo ya faida, si na ofisi za serikali. Zaidi ya nusu yalihusu ulemavu.

4. Kinachofundishwa

Tuchukue mfano wa baba na mama wenye watoto sita waliofika kutoka kambini. Wanahitaji kujua nini?

- Kwamba "hatupangishi wenye watoto" ni neno lililokatazwa na sheria tangu 1988, isipokuwa katika nyumba zilizotengwa kwa ajili ya wazee na chache nyingine zilizosamehewa.
- Kwamba watu 2 kwa chumba cha kulala huhesabiwa kwa kawaida kuwa kiwango kinachofaa, lakini ukubwa wa chumba na umri wa watoto lazima uangaliwe pia. Mtoto mchanga hahesabiwi sawasawa na mtu mzima.
- Kwamba mwenye ulemavu anaweza kuomba utaratibu ubadilishwe kwa ajili yake, kwa mfano kupewa nafasi ya kuegesha gari karibu na mlango.
- Kwamba mwenye nyumba akimtaka mama kimapenzi ili asimfukuze, huo ni uvunjaji wa sheria hii hii.
- Kwamba malalamiko hupelekwa wizarani ndani ya mwaka 1, au mahakamani ndani ya miaka 2, na kulalamika wizarani hakulipiwi.

Mambo haya yanaweza kuelezwa kwa alasiri moja. Lakini yanahitaji mtu wa kuyaeleza, na lugha ambayo baba na mama wale wanaielewa.

5. Yaliyotokea mwaka 2025

Mwezi Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha upokeaji wa wakimbizi. Pigo hilo liliyafikia pia mashirika ya makanisa yaliyokuwa yakiwapokea, likiwemo lile la Kilutheri lililoanza mwaka 1939 na ambalo sasa linaitwa Global Refuge. Tarehe 27 Februari wizara ilipeleka barua za kufuta ruzuku 78 za haki ya makazi, zilizokuwa mikononi mwa mashirika 66, zenye thamani ya takriban dola milioni 30. Sababu iliyotolewa ni kwamba hazikuendana tena na vipaumbele vya wizara. Siku mbili baadaye Rais alifuta agizo la mwaka 2000 lililotaka ofisi na miradi inayopata fedha za serikali kuu iwahudumie pia wasiojua Kiingereza vizuri.

Mashirika manne yalikwenda mahakamani huko Massachusetts. Mojawapo ni la mjini Boise, Idaho, mji wenye wakimbizi wengi kutoka Kongo. Tarehe 26 Machi jaji aliagiza fedha zirudishwe kwa muda. Tarehe 14 Aprili jaji huyo huyo aliliondoa agizo lake, kwa kuwa Mahakama Kuu ilikuwa imetoa uamuzi katika kesi nyingine kwamba madai ya namna hiyo ya fedha za ruzuku yapelekwe mahakama tofauti.

Tuangalie vizuri. Sheria ya 1968 haikufutwa. Kilichokatwa ni mguu wa kuipeleka kwa watu.

6. Mambo ya kujifunza

Kwanza, kulijua jambo ni sehemu ya haki yenyewe. Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Tusiwachukulie kama nyongeza ya mradi. Bila wao sheria za ardhi na nyumba zinabaki kabatini.

Pili, elimu ni rahisi kukatwa kwa sababu matunda yake hayaonekani haraka. Kisima kinapigwa picha. Mama aliyekataa kuhamishwa kwa sababu alijua haki yake hapigwi picha. Kwa hiyo tuandike: nani alifundishwa, alifanya nini, ilikuwaje. Ripoti isiishie kwenye idadi ya waliohudhuria na chai waliyokunywa.

Tatu, tufundishe pande zote mbili. Wamarekani huwafundisha pia wenye nyumba na madalali, si wapangaji peke yao. Wapo wanaovunja sheria kwa makusudi, na wapo wasioijua.

Nne, mfuko mmoja ni hatari. Mfadhili akibadilika, iwe ni serikali au kanisa rafiki la ng'ambo, kazi isilale siku hiyo hiyo. Fedha ya mradi ituachie watu waliofunzwa katika kila mtaa, na kijitabu kwa Kiswahili chepesi, vitu ambavyo barua ya kusitisha mkataba haiwezi kuvichukua.

Kwa kazi ya vikundi tunaomba kila jimbo lijadili maswali haya: Ni haki gani ya ardhi au nyumba ambayo watu wetu hawaijui kabisa? Nani katika usharika anaweza kuifundisha bila posho? Na ruzuku tuliyo nayo ikikoma mwezi ujao, ni nini kitakachobaki?