Biashara ya Majani Makavu

Sisi tukaao Chimala tuna uwanda wa Usangu upande wa kaskazini, na upande wa kusini milima ielekeayo Ukinga. Majani yakikauka twayafagia. Lakini katika karne ya kumi na tisa walikuwako watu walionunua majani makavu kwa fedha, nasi leo twapenda kusimulia habari zao.

Mtaalamu wa mimea hakuchuma tawi moja tu. Alichuma matawi kadha ya mmea ule ule, akayabana katika karatasi hata yakakauka, akayapa yote nambari moja, akaandika mahali na tarehe. Tawi moja alijiwekea. Mengine alibadilishana na wenzake, kipande kwa kipande. Asiyekuwa na cha kubadili alilipa, na desturi ilikuwa kuweka bei kwa mimea mia mia. Mjini Esslingen, Ujerumani, kilikuwako chama kiitwacho Unio Itineraria, kilichoanza katika miaka ya 1820. Wanachama walitanguliza fedha, msafiri akatumwa, kisha kila mmoja akapata fungu lake. Msafiri wao mmoja, Wilhelm Schimper, alifika Uhabeshi. Na J. M. Hildebrandt, aliyefika Unguja na Mombasa katika miaka ya 1870, aliuza mimea yake ili apate masurufu ya safari.

Huku kwetu alikuja Walter Goetze mwaka 1898, kwa gharama ya mfuko wa elimu wa Berlin. Alipita Uhehe, akapanda milima ya Ukinga, akafariki mwaka 1899 kabla ya kurudi kwao. Mgunga mmoja ulipewa jina lake, Acacia goetzei. Baadaye Adolf Stolz, aliyekaa Kyimbila karibu na Tukuyu, naye alipeleka mimea Berlin. Vipande vya ziada viligawiwa nyumba nyingine za elimu.

Sasa sikilizeni faida ya kugawa. Usiku mmoja wa Machi 1943 mabomu yaliichoma nyumba ya Berlin, na sehemu kubwa ya mimea ikateketea. Mimea mingi ya milima yetu huchunguzwa leo kwa vile vipande vilivyokuwa vimekwisha kutolewa kwingine. Kilichogawiwa kilisalimika, kilichofungiwa kiliungua.

Lakini hesabu ile ilikuwa na upungufu. Karatasi zina jina la mkusanyaji. Wapagazi waliobeba mizigo na wenyeji walioonyesha njia ni nadra kutajwa.

Basi, walimu wenzetu, tufanye vema zaidi. Wanafunzi wachume matawi mawili, wayakaushe katikati ya magazeti, wayabadilishe magazeti kila siku. Waandike mahali, tarehe, jina la mmea kwa lugha ya nyumbani, na jina la mzee aliyewafundisha. Tawi moja likae shuleni, la pili liende shule nyingine. Kutoa ni akiba. Kwaherini.